Umefuta Data, Nafasi Hairudi: Kusaka Uwezo Uliopotea Kwenye Hifadhi ya Mashine Pepe

Umefuta gigabaiti 300 za logi (rekodi za matukio) ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu juu ya seva halisi. Mfumo wa faili unasema nafasi ipo tele. Unafungua ghala la haipavaiza, ile programu inayoziendesha mashine pepe, namba haijasogea. Unashuka hadi kwenye kabati la diski, mtambo unaozigawia seva nafasi, na huko kumejaa kuliko jana. Mkubwa wako anauliza kama wakati wa kununua diski nyingine umefika, na wewe moyoni unajua kwamba sehemu kubwa ya kilichomo humo ni mabaki.

Usinunue kwanza. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, maana ndivyo tatizo linavyokuja: chanzo hukijui, unajua tu unachokiona kwenye skrini.

Anza kwa kupima kila tabaka

Kati ya faili yako na diski ya chuma kuna madaftari yasiyopungua manne: mfumo wa faili ndani ya mashine, faili ya diski pepe, ghala ambamo faili hiyo imekaa, na kabati lililotoa LUN, kipande cha hifadhi ambacho seva inakiona kama diski moja. Kila daftari linajua kilichoandikwa kwake. Kilichofutwa halikijui mpaka liambiwe.

Ukifuta faili, mfumo wa faili unafuta jina kwenye daftari lake na kuziandika bloku zake (vipande vya diski vilivyobeba data yake) kuwa huru. Basi. Bloku zenyewe zinabaki na data ileile, na tabaka la chini linaendelea kuzihesabu kuwa zinatumika. Kwenye diski nene hilo halikudhuru, kwa kuwa nafasi yote ilishatengwa tangu siku ya kwanza. Kwenye diski nyembamba, inayochukua nafasi kadiri inavyoandikwa, hapo ndipo panapovuja. Ujumbe wa kuziba uvujaji huo una majina tofauti: TRIM kwa ATA, UNMAP kwa SCSI, Deallocate kwa NVMe. Maana ni moja: bloku hizi sizihitaji tena, zichukue.

Kwa hiyo chukua mashine moja tu unayoishuku na uandike namba zake mwenyewe, kwa mkono. Ndani yake, `df -h` inakupa kinachotumika kwa macho ya mfumo wa faili. Kwenye seva inayoibeba, `ls -lh` ya faili ya diski inakupa ukubwa ulioahidiwa, na `du -h` ya faili hiyohiyo inakupa ukubwa uliokwisha kuliwa. Kisha matumizi ya ghala, kisha matumizi ya LUN kama kabati linavyoyaona.

Tuseme `df` inasema GB 120, `du` ya faili inasema GB 480. Pengo liko juu: ama mashine haitumi ujumbe, ama kidhibiti cha diski yake kinautupa. Lakini kama faili imeshuka hadi GB 130 na LUN bado inahesabu 480, mashine haina kosa. Pengo liko kati ya ghala na kabati. Nimeona watu makini wakipoteza siku nzima wakirekebisha tabaka ambalo lilikuwa zima.

Dalili: ghala limefika 98% na mashine zimeanza kusimama

Hapa hakuna muda wa uchunguzi. Mashine yenye diski nyembamba ikihitaji bloku mpya na ikakosa, haipavaiza ya VMware huisimamisha na kukuuliza swali. QEMU, inayotumika sana kwenye Linux, nayo huisimamisha kwa mipangilio yake ya kawaida. Mashine iliyosimamishwa hivyo haijafa. Nafasi ikipatikana, inaendelea pale ilipoachia, kwa hiyo usikimbilie kuizima kwa nguvu.

Nafasi ya haraka kwenye VMware iko kwenye faili za `.vswp`. Kila mashine inayowaka ina moja, na ukubwa wake ni kumbukumbu iliyopewa ukitoa ile iliyohakikishiwa. Mashine ya GB 64 isiyo na uhakikisho wowote imeshika GB 64 za ghala kwa ajili ya faili ambayo huenda haijaguswa hata mara moja. Zima kwa utaratibu mashine ya majaribio isiyo na mtu, na faili hiyo inaondoka papo hapo. Halafu hamishia mashine ndogo moja kwenye ghala jingine, upate pa kuhemea.

Mambo mawili usiyafanye katika hali hiyo. Usifute kwa mkono faili yoyote inayoishia na `-delta.vmdk` au `-sesparse.vmdk`, hata kama tarehe yake ni ya mwaka juzi. Hizo ni pingili za snapshoti (picha ya hali ya diski ya wakati fulani), na ukikata mnyororo wake umepoteza diski. Na usianze kuunganisha snapshoti kabla ya kupata nafasi, kwa sababu diski mama, ile ya awali, ikiwa nyembamba inaweza kuvimba wakati wa kuunganisha.

Kwenye LVM nyembamba, mfumo wa Linux wa kugawa akiba moja ya diski kwa majazo mengi, muda ni mfupi zaidi. Akiba ikijaa, keneli (kiini cha mfumo endeshi) inazishikilia data zinazoandikwa kwa sekunde 60, kisha inaanza kurudisha makosa kwa mifumo ya faili. `lvs -a` inaonyesha safu mbili, Data% na Meta%, ya pili ikiwa ya daftari la akiba lenyewe. Watu wanaiangalia ya kwanza wanaisahau ya pili, na ya pili ikijaa maumivu ni makubwa zaidi. Angalia pia `thin_pool_autoextend_threshold` kwenye lvm.conf. Thamani yake ya kawaida ni 100, maana yake akiba haitajiongeza kamwe. Iweke 80 kama kundi la diski lina nafasi ya kutoa.

Dalili: df inasema imejaa, du haioni kilichoijaza

Hili ni la ndani ya mashine na ni jepesi. Kuna faili iliyofutwa huku programu ikiwa bado imeifungua, mara nyingi logi. `lsof +L1` itakuonyesha. Iwashe upya programu hiyo, nafasi inarudi kwa mfumo wa faili. Kurudi kwa tabaka la chini ni safari nyingine, nayo inafuata.

Dalili: mashine ya Linux imefuta, faili ya diski haipungui

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo nafasi nyingi hukwama, na tiba yake huwa ya dakika chache ukijua pa kutazama.

Ingia kwenye mashine, andika `lsblk -D`. Tazama safu za DISC-GRAN na DISC-MAX, mstari kwa mstari, kutoka diski kushuka hadi ujazo uliowekwa. Sifuri maana yake tabaka hilo halipokei ujumbe wa kufuta. Mfano niliokutana nao zaidi ya mara moja ni huu: mstari wa `sda` una namba, mstari wa kipande chake `sda3` una namba, na mstari unaofuata, ule wa usimbaji fiche wa LUKS, una 0B, na vyote vilivyo juu yake vina 0B. Mnyororo umekatika hapo hapo, unauona kwa macho. LUKS haipitishi ujumbe huo bila kuruhusiwa, kwa sababu bloku zilizoachwa wazi humfunulia mtazamaji wa nje ni sehemu gani za diski zinatumika. Kama hilo haliwi tatizo kwako, ongeza `discard` kwenye mstari husika wa /etc/crypttab. Kama ni tatizo, kubali kwamba diski hiyo itakuwa nene kwa vitendo, na uipangie nafasi hivyo.

Ikiwa sifuri inaanzia kwenye `sda` yenyewe, toka nje ya mashine. Kwenye QEMU, mpangilio wa kawaida ni kuupuuza ujumbe. Unatakiwa kuandika `discard='unmap'` kwenye maelezo ya diski ya libvirt, au kuweka tiki ya Discard kwenye Proxmox VE, kutegemea unasimamia mashine kwa programu ipi. Diski ya aina ya virtio-scsi inaupokea tangu zamani. Virtio-blk ilianza kuupokea kwa QEMU 4.0 na keneli ya Linux 5.0, zote za mwaka 2019, kwa hiyo mashine yenye keneli ya kale juu ya virtio-blk haitatuma kitu hata ukiweka tiki kumi. Na jambo linalowachanganya wengi: baada ya kubadili mpangilio, kuiwasha upya mashine kutoka ndani hakutoshi. Izime kabisa, kisha iwashe, ili mchakato wa QEMU uanze upya na mpangilio mpya.

Sasa mnyororo ukiwa mzima, endesha `fstrim -av`, amri inayotuma ujumbe huo kwa nafasi huru. Kwa kazi ya kila siku ninapendelea `fstrim.timer`, inayofanya kazi hiyo mara moja kwa wiki, kuliko kuweka `discard` kwenye fstab, ambako kila ufutaji unatuma ujumbe wake papo hapo na hifadhi dhaifu inaanza kulemewa.

Tahadhari kuhusu namba inayotolewa na fstrim. Hiyo ni idadi ya baiti ambazo mfumo wa faili umezitolea taarifa, wala si nafasi iliyorudi. ext4, mfumo wa faili wa Linux, inakumbuka maeneo iliyokwisha kuyataja, ila kumbukumbu hiyo inapotea mashine ikizimwa, na mara ya kwanza baada ya kuwaka inataja nafasi yote huru upya. XFS, mfumo mwingine wa faili, inataja yote kila mara. Usimpelekee mtu ripoti kwamba umeokoa GB 300 kwa kusoma mstari huo. Soma `du` ya faili nje.

Suala la `issue_discards` kwenye lvm.conf nalo linaeleweka vibaya. Linahusu kufuta au kupunguza ujazo wa LVM wenyewe. Ujumbe unaotoka kwenye mfumo wa faili hupita LVM bila kulihitaji.

Dalili: mashine ya Windows, tatizo lilelile

Andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, ujumbe unatumwa. Jina la kigezo limegeuzwa, soma mara mbili kabla ya kubadili. Kisha fungua Optimize Drives utazame aina ya diski: ikisomeka Thin provisioned drive, Windows imeelewa iko juu ya nini. Ikisomeka Hard disk drive, haitatuma, na chanzo kiko kwenye haipavaiza. Amri ya kulazimisha ni `Optimize-Volume -DriveLetter D -ReTrim -Verbose`. Kwa Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, yenye faili ya diski ya VHDX inayokua, baada ya hapo zima mashine na utumie `Optimize-VHD -Mode Full`.

Epuka kupanga vipande vya diski kwa njia ya kale (defrag) ndani ya diski nyembamba. Kila kipande kinachohamishwa kinaandikwa mahali papya, na tabaka la chini linahesabu pa kale na papya pamoja.

Njia ya sifuri, na kwa nini ninaiogopa

Ushauri wa zamani ni kuijaza nafasi huru kwa sifuri, kwa `sdelete -z` au `dd`, kisha kuibana faili ya diski. Njia hii inafanya kazi. Lakini fikiria kinachotokea katikati: ili kuandika sifuri kwenye nafasi yote huru, diski nyembamba lazima ivimbe hadi ukubwa wake wote ulioahidiwa, kabla hata baiti moja haijarudi.

Niliwahi kuendesha sdelete usiku kwenye mashine tano kwa pamoja, zote zikiwa kwenye ghala moja lililoahidi zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kila moja ilikuwa na nafasi huru ya kutosha kwa macho yake. Kabla ya saa nane usiku ghala lilikuwa limejaa, na zilizosimama hazikuwa hizo tano peke yake. Seva ya hifadhidata iliyokuwa jirani yao, ambayo sikuigusa, nayo ilisimama. Asubuhi ile watu walikuja kazini wakakuta hakuna kinachofunguka. Tangu siku hiyo sijazi sifuri kabla ya kujumlisha nafasi huru za mashine zote nitakazozigusa na kuilinganisha na iliyobaki ghalani, na nafanya mashine moja kwa wakati mmoja.

Ukilazimika, kwenye VMFS, mfumo wa faili wa ghala la VMware, zima mashine kisha tumia `vmkfstools -K` kuziondoa bloku za sifuri. Amri hiyo haifanyi kazi kwenye ghala la NFS, yaani hifadhi ya faili inayofikiwa kupitia mtandao. Kwa qcow2, aina ya faili ya diski ya QEMU, `virt-sparsify --in-place` juu ya mashine iliyozimwa inafanya usafi bila kuijaza diski kwanza, na ndiyo ninayoichagua. Njia nyingine ni `qemu-img convert -O qcow2` kwenda faili mpya, mradi una nafasi ya kuziweka zote mbili kwa muda.

Dalili: ghala lina nafasi tele, kabati linasema LUN imejaa

Hili ni pengo la chini. Umefuta au kuhamisha mashine nzima, VMFS inajua, kabati halijui. Ili kuelewa kwa nini kila ghala lina tabia yake, historia kidogo inasaidia. vSphere 5.0, jukwaa la VMware, ya mwaka 2011 ilituma UNMAP yenyewe kila ulipofuta faili. Makabati mengi yalizidiwa, na kiraka kikaizima. Toleo la 5.0 Update 1 likaleta `vmkfstools -y`, na 5.5 ya mwaka 2013 ikaleta `esxcli storage vmfs unmap`, zote za kuendesha kwa mkono. Utumaji wa moja kwa moja ulirudi na VMFS-6, pamoja na vSphere 6.5, mwaka 2016.

Kwa hiyo swali la kwanza ni toleo la ghala. Seva zinaweza kuwa mpya huku ghala likiwa bado VMFS-5, kwa kuwa VMFS-5 haipandishwi kuwa 6 mahali ilipo. Sharti utengeneze ghala jipya na kuhamishia mashine. Kwa VMFS-5 endesha `esxcli storage vmfs unmap -l JINA -n 200`, saa ambazo watu wamepumzika, na utazame ucheleweshaji wa kabati kazi ikiendelea.

Kwa VMFS-6, angalia `esxcli storage vmfs reclaim config get -l JINA`. Kipaumbele kikiwa none, kuna aliyezima. Kikiwa low, kinafanya kazi, ila polepole na kwa makusudi. Subiri saa kadhaa kabla ya kulalamika. Halafu `esxcli storage core device vaai status get` ikupe mstari wa Delete Status wa LUN hiyo. Usiposema supported, tatizo liko kwenye kabati, programu yake endeshi, au namna LUN ilivyoundwa.

NFS ni hadithi nyingine. Mwenye mfumo wa faili ni seva ya NFS yenyewe, kwa hiyo ukifuta faili nzima nafasi inarudi mara moja. Kutoboa matundu ndani ya faili iliyopo ndiko kugumu: itifaki haikuwa na amri hiyo mpaka NFS 4.2, iliyochapishwa kama RFC 7862 mwaka 2016. Kwenye NFS 3, qcow2 itazitumia upya bloku ilizoachiwa ndani yake, lakini faili haitapungua.

Dalili: nafasi inapungua kila siku na hakuna aliyeongeza kitu

Snapshoti. Kila ikiwepo, diski mama imegandishwa, na mabadiliko yote yanaenda kwenye faili mpya inayoweza kukua hadi ukubwa wa diski mama. Ukifuta data ndani ya mashine wakati huo, bloku za zamani hazirudi popote, kwa sababu ni mali ya snapshoti. Ndiyo maana fstrim kabla ya kuondoa snapshoti ni kazi ya bure. VMware inashauri snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72. Mimi kwa hifadhidata zenye shughuli naona hata hizo ni nyingi.

Usiamini orodha ya kwenye skrini peke yake. Programu za bakapu hutengeneza snapshoti na mara nyingine hushindwa kuiondoa. Skrini inasema hakuna, folda ina faili za `-000001.vmdk` na kuendelea. Mashine kama hiyo inahitaji kuunganishwa diski zake. Kwa qcow2 tazama `qemu-img snapshot -l`, kwa ZFS `zfs list -o space` na usome safu ya USEDSNAP.

Pamoja na snapshoti kuna diski yatima: faili za mashine zilizoondolewa kwenye orodha bila kufutwa. Hapa nakusihi uende taratibu. Diski isiyo na mashine inaweza kuwa ya kiolezo, msingi wa nakala zilizounganishwa, au ujazo wa kudumu wa Kubernetes ambao kontena lake limepumzika. Hamishia folda inayoshukiwa kando au ibadilishe jina, ngoja mzunguko mzima wa bakapu upite, ndipo ufute.

Dalili: nimefanya yote, kabati limerudisha robo tu

Sababu huwa zaidi ya moja. Kabati lina snapshoti zake lenyewe, na bloku ulizoziachia zitabaki kwake hadi snapshoti hizo ziishe muda. Kama linaondoa marudio na kubana data, GB 100 ulizofuta huenda zilikuwa zikichukua GB 30 tu za kweli, au pungufu zaidi ikiwa mashine nyingine zina nakala ya bloku zilezile.

Pia kuna ukubwa wa punje. VMFS-6 inarudisha kwa vipande vya MB 1. Klasta ya qcow2 kwa kawaida ni KiB 64. Ukifuta maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, mashimo mengi yanakuwa madogo kuliko punje, na ujumbe wake unatupwa. Hapo kuiandika upya diski, kwa kuigeuza au kuinakili data kwenye ujazo mpya, kunarudisha kingi kuliko fstrim kumi.

Nafasi ambayo haikupotea

Kabla ya kufunga tiketi, hakiki vizio. Diski zilizouzwa kama TB 100 (kwa hesabu ya 1000) ni TiB 90.9 (kwa hesabu ya 1024), na skrini nyingi huonyesha ya pili kwa jina la ya kwanza. Na ext4 hutenga 5% kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mashine: kwenye diski ya data ya TB 2 hizo ni GB 100. `tune2fs -m 1` inarudisha GB 80 bila kuzima chochote. Diski ya mfumo iache kama ilivyo, kwa sababu asilimia hizo ndizo zinazomwezesha root kuingia na kusafisha siku ikijaa.